Masomo ya Kwaresima si Barua ya Jirani

Kila mwaka Jumatano ya Majivu ikikaribia, maswali hayahaya hutufikia. Je, makayabo yahesabiwa kuwa nyama? Mama anyonyeshaye, afunge au asifunge? Kasiksi iliyokwisha kutiwa mtungini, imwagwe au ingoje Pasaka? Ni maswali mazuri, na padri au katekista huyajibu kwa dakika tano. Kanisa halikututwika mzigo mzito: siku mbili za kufunga, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Kwa mtu wa Nyabiondo, aionaye nyama siku ya arusi na siku ya matanga, amri hiyo ya Ijumaa huenda ikampitia bila yeye kujua kwamba imepita. Sombe na ugali wa muhogo havijavunja Ijumaa hata siku moja.

Lakini liko swali ambalo halitufikii kamwe. Masomo yale yasomwayo katika Kwaresima, Dominika na siku za juma, yasema na nani?

Sisi twanena waziwazi kwamba katika nchi hii ya Masisi na Walikale masomo hayo twayasikiliza vibaya. Hatusinzii, la. Twasikiliza kwa bidii sana, lakini twasikiliza kwa niaba ya mwingine. Msomaji asimama, afungua kitabu, aanza kusoma habari ya mwenye dhambi, na kabla hajafika katikati sisi tumekwisha kumjua mtu anayesemwa. Ni yule wa kilima cha pili. Ni wale wenye ng'ombe. Ni wale waliokuja juzi, au ni wale wanaojiita wenye nchi. Twatikisa kichwa, twasema moyoni: ‘Laiti wangekuwapo leo wakasikia!’ Basi neno la Mungu limekuwa kama barua iliyoletwa nyumbani kwetu kwa makosa, nasi tumeisoma yote na kupendezwa nayo, tukiwa na hakika kwamba jina lililo juu yake ni la jirani.

Tulipolisema jambo hili katika mkutano wa shirika, tulijibiwa kwamba tunatia chumvi. Haya, tuchukue kalenda.

Tuichukue kalenda ya Kanisa ya mwaka 1993. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 11 Aprili, kwa hiyo majivu yalipakwa tarehe 24 Februari. Tena ulikuwa mwaka A wa masomo, mwaka ambao Dominika ya tatu ya Kwaresima husomwa habari ya mwanamke Msamaria, na Dominika ya nne habari ya mtu aliyezaliwa kipofu. Tarehe 14 Machi, basi, Wakristu walioingia makanisani walimsikia Bwana wetu akiketi kisimani, amechoka, akiomba maji kwa mwanamke wa watu ambao Wayahudi hawakushirikiana nao hata chombo cha kunywea. Wapendwa, sisi tunalo jambo hilihili. Nani katika Kivu asiyejua hofu ya karuho? Mtu apewa kikombe katika nyumba ya kabila lingine, naye akishika tu, asema ameshiba, asema tumbo lamuuma, asema safari ni ndefu. Bwana alikuwa na sababu zote za kukataa, naye ndiye aliyeomba.

Mwanamke yule akamletea swali la mlima. Baba zetu waliabudu katika mlima huu, nanyi mwasema ni Yerusalemu. Huo ni ugomvi wa ardhi uliovikwa nguo ya dini, nasi twaujua vizuri. Na Yesu hakuketi kugawa milima.

Siku ya pili yake, Jumatatu tarehe 15 Machi, somo la juma la tatu lilikuwa lile la Naamani, jemadari wa Shamu, mgeni na adui, aliyeponywa ukoma katika mto wa Israeli. Na Injili ya siku hiyo yaeleza jinsi Yesu alivyowakumbusha watu wa mji wake mwenyewe kwamba wajane walikuwa wengi katika Israeli wakati wa njaa, lakini Eliya alitumwa kwa mjane wa ugenini. Walifanyaje watu wale? Walikuwa wamekaa katika sinagogi, wametoka kusikia neno, na neno limewaudhi. Wakamtoa nje ya mji ili wamtupe kutoka ukingo wa kilima. Hatujui Injili nyingine inayoonyesha upesi hivyo namna watu wanavyoweza kutoka katika sala na kwenda kuua.

Jumanne tarehe 16, ilisomwa ile ya mtumishi aliyesamehewa deni kubwa lisilohesabika, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa ajili ya vifedha vichache. Tarehe 19 ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu.

Na tarehe 20 Machi 1993 ilikuwa Jumamosi. Siku ile, katika soko la Ntoto, teritori ya Walikale, vijana wenye silaha wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wahutu waliokuja sokoni. Moto huo haukukaa Ntoto. Ulipanda Masisi kwa siku chache. Waliopigwa wakajipanga wakapiga nao. Vijiji vikachomwa upande huu na upande huu. Kabla ya mwaka kwisha waliokufa walikuwa maelfu, na waliokimbia makwao walizidi laki moja. Wazee wetu wengi huhesabu miaka kwa vita ile: kabla ya Ntoto, baada ya Ntoto.

Injili ya Jumamosi ile ilikuwa ipi? Ilikuwa ile ya Farisayo na mtoza ushuru waliopanda hekaluni kusali. Na somo lake la kwanza ni la nabii Hosea, pale Mungu asemapo kwamba ataka huruma na si sadaka ya kuteketezwa. Kitabu cha masomo kiliyapanga hayo zamani, kwa Kanisa zima, kwa Roma na kwa Kinshasa na kwa kila kikanisa cha majani katika vilima vyetu. Hakuna aliyeyachagua kwa ajili ya Ntoto.

Hatumshitaki mtu kwamba alitoka Misani akaenda sokoni na panga. Twasema hivi tu: neno lilikuwa limewekwa mezani, siku ileile, na sala iliyokuwa ikisaliwa vilimani, upande huu na upande ule, ilikuwa sala ya Farisayo.

Tumtazame Farisayo huyo vizuri, maana wahubiri wengi humwonea. Humfanya mnafiki na mwongo. La hasha. Someni tena: hakusema uongo hata neno moja. Alisema afunga mara mbili kwa juma, na kweli alifunga, kuliko sisi na siku zetu mbili za mwaka mzima. Alisema atoa fungu la kumi, na alitoa. Alisema si mnyang'anyi, na hakuwa mnyang'anyi. Kila alichokisema Farisayo juu yake mwenyewe kilikuwa kweli, na yale aliyoyasema juu ya mtoza ushuru yalikuwa kweli pia, kwa kuwa watoza ushuru wa zamani zile waliwanyonya watu. Kosa lake ni kwamba alichukua ukweli huo wote akaufanya ngazi ya kupandia juu ya kichwa cha mtu mwingine. Alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama wale.

Basi, hiyo ndiyo sala ya Masisi. Wala tusidanganyane kwamba yasaliwa na kabila moja.

Mhunde asema: ardhi hii ni ya babu zetu na ya mwami wetu, Wabelgiji walitunyang'anya wakaifanya mashamba yao, kisha kati ya mwaka 1937 na 1955 wakaleta maelfu ya watu kutoka Rwanda bila kutuuliza. Ni kweli. Mhutu asema: babu yangu aliletwa, hakuja mwenyewe, alifyeka pori na kulima mashamba ya wazungu, baba yangu akazaliwa hapa na mimi nikazaliwa hapa, na sheria ya mwaka 1981 ikaniambia kwamba mimi si mtu wa nchi hii. Ni kweli. Mtutsi asema: mimi nilifukuzwa na wote. Ni kweli. Na mwenye ng'ombe, awe wa kabila lolote, asema: nina hati, nilipewa na serikali. Kweli pia, ijapokuwa tungependa kujua hati hiyo ilitolewaje, na wale waliokuwa wakilima pale siku ile inatolewa walihamia wapi. Kila mmoja ana ukweli wake, ameukunja vizuri, ameutia mfukoni, na kila Kwaresima autoa ausome mbele ya Mungu, amshukuru kwamba yeye si kama wale.

Tutoe jaribio moja. Mwulizeni Mkristu yeyote wa kwetu, mtu wa sala, ataje majina ya mahali ambapo watu wasio na silaha waliuawa katika Masisi na Walikale. Mmoja atataja Ntoto. Mwingine atataja Mokoto, ambapo mwezi wa Mei 1996 Watutsi waliokimbilia monasteri ya Watrapisti, wakitumaini kwamba mahali pa sala pangewakinga, walishambuliwa na kuuawa. Mwingine atataja Nyabiondo yenyewe, ambapo mwezi wa Desemba 2004, katika siku za Majilio, askari waliokuwa zamani wa RCD-Goma waliingia wakaua raia, wengi wao Wahunde, wakapora na kuchoma, na watu wakatawanyika porini. Twawaambia kweli, ni vigumu sana kumpata Mkristu mmoja atakayeyataja yote matatu bila kuongozwa. Kila mtu ajua mahali pamoja: pale walipokufa wa kwake. Mahali pengine amesikia habari yake, ndiyo, lakini akisimuliwa huanza na neno ‘lakini’.

Neno hilo ‘lakini’ lingefaa kufungwa Kwaresima nzima kuliko nyama.

Wako watakaotujibu, na majibu yao twayajua.

Wa kwanza hutuambia tuache siasa. Injili ni ya roho, asema, na mambo ya mashamba na makabila yaachiwe watawala na mwami. Kwake tutajibu kwa ufupi. Ijumaa baada ya Jumatano ya Majivu, Kanisa lenyewe hutusomea nabii Isaya, sura ya 58, na katika sura hiyo watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga naye hakuona. Mungu awajibu kwamba siku yao ya kufunga ndiyo siku wanayowabana wafanyakazi wao, na kwamba mfungo anaoupenda ni kufungua nira, kumwacha huru aliyeonewa, kumgawia mwenye njaa chakula na kumwingiza nyumbani asiye na makao. Asiyetaka mambo ya mashamba kanisani, na azungumze na Isaya. Sisi tu wasomaji tu.

Wa pili asema: waanze wao. Wao ndio walioua kwanza, watubu kwanza, nasi tutafuata. Lakini majivu hayapakwi kwa kupeana zamu ya makabila. Katika mstari ule wa Jumatano ya Majivu hatujamwona hata mtu mmoja akimwambia padri, ‘Mpake kwanza huyu aliye nyuma yangu, ndipo nitakapoleta kichwa changu.’ Tungemcheka. Basi kwa nini twasema hivyohivyo na kuona ni busara?

Wa tatu ndiye tunayemheshimu, wala hatutaki kumjibu kwa haraka. Huyu asema: mimi nimeumizwa. Nimewazika watu wangu, au sikupata hata kuwazika. Nimekimbia mara nne, mara tano. Niliacha maharagi shambani yakiwa karibu kuvunwa. Kwaresima ya mwaka 2025 iliponikuta, Masisi ilikuwa imekwisha kuingiwa na M23 tangu Januari, Goma nayo pia, na makambi ya kando ya Goma tulimokuwa tumekimbilia yalivunjwa, tukaambiwa turudi makwetu palipokuwa bado vita. Nyinyi mwataka nijipige kifua kama mtoza ushuru? Nimekosa nini mimi?

Ndugu yetu, hatukuambii kwamba umekosa. Mwenye kuonewa hatakiwi kutubia dhambi ya aliyemwonea. Masomo ya Kwaresima yamejaa vilio vya watu kama wewe: Yosefu anauzwa na ndugu zake, Susana anasingiziwa na wazee, Yeremia anafanyiwa njama na watu wa kijiji chake. Kanisa halikuyaondoa machozi hayo, liliyaweka katikati ya kipindi. Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko, ambaye vita vilimzuia kufika Goma, aliketi Kinshasa akawasikiliza watu wa mashariki waliotendewa mabaya. Waliweka chini ya msalaba panga na visu, vyombo vilevile vilivyowaua wa kwao. Hakuwaambia wanyamaze. Walisema yote.

Lakini tazama jambo moja katika kitendo kile. Walikuwa watu wa Goma, wa Beni na Butembo, wa Bunia, wa Bukavu. Vilio vya mahali mbalimbali viliwekwa chini ya msalaba mmoja. Panga la huyu na kisu cha yule vililala pamoja pale chini, wala hapana aliyesema chake kiwekwe peke yake. Hilo ndilo tunaloliomba, wala hatuombi zaidi. Lia, lakini usiyafanye machozi yako kuwa uzio. Na mtoto wa jirani aliyezaliwa mwaka 2010 usimtoze deni la mwaka 1993.

Hapo ndipo Dominika ya nne inapotufaa. Siku moja baada ya Ntoto, tarehe 21 Machi, ilisomwa Injili ya mtu aliyezaliwa kipofu. Wanafunzi walipomwona waliuliza upesi: ni nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Walitaka mkosaji kabla ya kutaka mganga. Twajua watu wazima wengi leo waliozaliwa katika makambi, ambao hawajaiona Masisi ya amani hata siku moja, nao wakipita njiani huulizwa swali lilelile kwa maneno mengine: wewe mtoto wa nani, baba yako alikuwa upande gani? Bwana alikataa swali hilo. Alitema mate, akafanya tope, akampaka macho. Tope hatukosi sisi. Anayeipita njia ya Sake mpaka Nyabiondo wakati wa mvua ajua kwamba Mungu ametukirimia.

Turudi kwa yule wa pili aliyekuwa hekaluni, maana naye twamwonea kwa namna nyingine. Twampenda mno. Twamfanya maskini mpole, mtu wetu. Kumbe alikuwa mtoza ushuru! Kwa lugha ya kwetu, ni kijana wa bariyeri. Ni yule anayefunga njia kwa kamba au kwa mti, na mama akishuka na kikapu cha mihogo kwenda sokoni hapiti bila kutoa. Ni yule anayezunguka nyumba hata nyumba kutoza ‘lala salama’, yaani fedha ya kulipia usingizi wako mwenyewe, na asiyekuwa na jetoni usiku huo atafutiwe. Makundi mengi yenye silaha yametoza hivyo katika vilima vyetu kwa miaka mingi, na askari wa serikali nao hawakukosa kamba zao. Huyo ndiye aliyesimama mbali asithubutu kuinua macho. Yesu hakumsifu kwa ushuru wake. Alimsifu kwa kuwa alijua jina lililoandikwa juu ya barua: lake.

Na sasa twawauliza Wakristu wenzetu neno gumu. Wale walio kwenye bariyeri si Wakristu? Hawana rozari shingoni? Hawakubatizwa katika parokia zetu, hawakufundishwa na makatekista wetu? Na sisi tulio nyumbani, fedha ile ikiletwa, mke akinunuliwa kitenge na mtoto akilipiwa shule, je, tuliuliza imetoka wapi? Wako wazazi walionunua mabati kwa fedha ya kamba, na siku ya Majivu wakapanda na watoto wao wote kupakwa. Hatuwasemi kwa dharau. Twasema kwamba majivu yale na kamba ile haviwezi kukaa katika nyumba moja bila kugombana, na kama havigombani, basi kimojawapo kimekwisha kufa.

Atasema mtu: lakini katika nchi hii mtu hawezi kuishi bila rushwa, atauawa. Ni kweli kwamba mmoja aliuawa. Jina lake Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma, aliyezaliwa mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, mpakani pa Goma, naye alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wa barabarani. Waliletwa vyakula vilivyooza, akapewa fedha ili avipitishe. Akakataa, kwa kuwa watu wangevila. Mwezi wa Julai 2007 walimkamata wakamtesa, wakamwua. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma, katika kanisa la Mtakatifu Paulo nje ya kuta.

Twafurahi, twaimba, twauza picha zake. Lakini fikirini alilolifanya. Vyakula vile vingeliwa na nani? Hakuuliza kama ni Wahunde au Wahutu au Wanande watakaougua matumbo. Hakusema, ‘Walaji hawa si wa kwetu.’ Mtu aliyesimama kwenye njia ya ushuru, ambapo Masisi nzima imezoea kuona wizi, alikataa kutajirika kwa tumbo la mtu asiyemjua. Huo ndio mfungo wa Isaya, na uliwekwa mbele yetu mpakani pa Goma, si katika nchi ya mbali wala katika karne ya kale. Haitufai kumpigia magoti Mwenye Heri jioni kama asubuhi tulikuwa upande wa pili wa kamba.

Tusije tukaambiwa kwamba tumelaumu tu bila kutoa shauri. Shauri letu ni dogo, wala halihitaji fedha ya wafadhili wala semina hotelini.

Jumamosi ya juma la tatu la Kwaresima huja kila mwaka. Uwe mwaka A, au B, au C, Injili yake ni ileile ya Farisayo na mtoza ushuru, na somo lake ni lilelile la Hosea. Wasiopata Misa siku hiyo, maana padri ni mmoja na vituo ni vingi na njia huenda imefungwa, wanaweza kukusanyika katika shirika na katekista. Twaomba siku hiyo msomaji awe mtu wa kabila jingine kuliko wengi waliokusanyika. Kama wengi ni Wahunde, asome Mhutu au Mtutsi. Kama wengi ni Wahutu, asome Mhunde au Mnyanga. Kama hakuna hata mmoja wa kabila jingine katika shirika lenu, hilo nalo ni somo, mlifikirie kabla ya kuanza wimbo. Akimaliza kusoma, aletewe maji katika kikombe, anywe, kisha kikombe hichohicho kizunguke. Wengine watasita. Waacheni wasite, na kikombe kingoje.

Na katika maombi ya waamini yatajwe majina matatu pamoja, kwa sauti moja, na mtu yuleyule: Ntoto, Mokoto, Nyabiondo. Yasigawanywe, huyu hili na yule lile. Wenye majina mengine ya mahali pa kulilia, nayo hayakosekani, wayaongeze, mradi asiwepo mtu anayetaja pa kwake peke yake. Na neno ‘lakini’ lisisemwe mpaka watu watawanyike.

Tulipoleta shauri hili mbele ya wazee kadhaa, mmoja alituambia kwamba litaleta ugomvi kanisani. Tulimwuliza, ‘Mzee wetu, miaka yote hii tuliyokaa kimya, ugomvi ulikuwa wapi?’ Mwingine alisema kwamba majina yale yataongeza urefu wa ibada, na watu wana kazi za shamba. Huyo tulimhesabia dakika. Majina matatu hutamkwa kwa muda mfupi kuliko matangazo ya mchango wa mabati.